Jibu: Mama anasafishwa damu, lakini miguu haina nguvu

Ndugu yangu, salamu kutoka Ujiji. Umeuliza kwa nini mama, anayesafishwa damu kwa mashine, hawezi tena kuinuka kitini bila kushikwa, na kama ni uzee tu. Nilipomuuguza baba mkubwa nilijifunza kutolikubali upesi jibu la uzee, kwa sababu figo zikishindwa, damu hupungua na asidi inayobaki mwilini hula misuli. Kwanza ulizia kiwango cha damu na cha potasiamu, madini ambayo figo nzima huyapunguza mwilini. Udhaifu uliokuja ghafla usisubiri siku ya kliniki, kwani potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo.

Chakula ndicho kinachowapotosha wengi: aliyekwisha kuanza mashine huhitaji protini zaidi, takriban gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ilhali majirani (wasioisha ushauri) humkazania uji mtupu. Samaki wa ziwani wasiokaushwa wanafaa kuliko dagaa wakavu wa chumvi, ambao huliwa pamoja na mifupa yenye fosforasi, madini ambayo figo zilizoshindwa haziwezi kuyatoa.

Daktari akiridhia, asimame na kuketi mara chache siku asizokwenda mashine, nawe ukiwa karibu. Baba mkubwa alianza kwa kushikilia meza.