Ana vivimbe kwenye ubongo, mbona hawampasui?

SWALI: Shikamoo dokta. Kaka angu ana VVU, aliacha dawa kama miaka miwili hivi, mwezi huu kaanza kuumwa sana kichwa, mkono wa kushoto ukaisha nguvu, juzi kaanguka degedege. Picha ya CT imeonyesha vivimbe vitatu kwenye ubongo, tukajua wanampasua, kumbe kapewa Septrin, ile ile ya CTC, kliniki ya VVU! Ndo wamemkatia tamaa au?
Dada mtu, Mbagala

JIBU: Marahaba, pole sana. Hawajamkatia tamaa. Mwenye VVU ambaye CD4, zile chembe za kinga za kwenye damu, zimeshuka chini ya 100 akikutwa na vivimbe kadhaa hivyo, wa kwanza kushukiwa ni toksoplazima, kijidudu cha kwenye nyama isiyoiva na kinyesi cha paka, kinakaa kimya mwilini miaka na miaka, kinga ikianguka kinaamka. Septrin inakimudu, ila dozi yake sio ile ya CTC ya kuzuia magonjwa, ni kubwa zaidi, inapigiwa hesabu kwa kilo zake na anameza kama wiki 6. Sasa kisu kitafanya nini hapo, vivimbe vitatu sehemu tatu?

Wanamwangalia siku 10 mpaka 14, mkono ukianza kurudi na picha ya pili vimepungua basi ndo wenyewe. Visipopungua ndo anaitwa daktari wa upasuaji wa ubongo, hapo Dar wapo MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili, na hata huyo mara nyingi anatoboa katundu tu anachukua kinyama kikapimwe, maana inaweza kuwa limfoma, ni kansa hiyo, nayo haiishi kwa kukatwa inataka mionzi na dawa za kansa. Kupasua haraka ni pale kivimbe kikubwa kinasukuma ubongo, mtu anaanza kupoteza fahamu.

Halafu hii ya kutolewa maji ya mgongo, naletewa kila wiki, eti sindano inaua. Jamani! Kwa wenye fangasi ya ubongo, kriptokokasi, presha ya yale maji ndo inaua, kuyatoa ni tiba yenyewe, hata kila siku, na ikigoma kushuka ndo anawekewa mpira wa kuyapeleka tumboni. Kaka yako mwenye vivimbe, waacheni waamue kwa picha kama inafaa.

ARV alizobakiza nyumbani msimpe kimyakimya. Kwa toksoplazima huwa wanaanza ndani ya wiki 2 hivi, kwa fangasi wanangoja wiki 4 mpaka 6, kwa hiyo muulizeni daktari wake siku. Na dawa ya degedege asiruke hata mara moja.