Vena ya figo imebanwa na kichwa kinauma akilala: vinahusiana?

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Mdogo wako kaonekana ana vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya figo ya kushoto iliyobanwa, kichwa kinamuuma zaidi akilala, na daktari kawaambia hayo ni mambo mawili yasiyojuana. Mimi nimeyabeba yote mawili tangu 2019. Sio daktari, ni mhasibu tu wa Tabata, Dar es Salaam, nitakujibu kwa yaliyonikuta na kwa niliyokuja kuyaelewa baadaye.

Mwaka mzima nilitibiwa "UTI sugu". Unaujua mji huu, ukisema ubavu unauma na mkojo una damu kidogo, unatoka na sindano za siku tano. Mkojo ulioteshwa mara tatu, vijidudu havikuota hata mara moja, sindano nikachomwa vilevile. Kichwa nacho kilikuwa kinaniamsha alfajiri, na sikio la kushoto linavuma fuu, fuu, kwa mwendo uleule wa moyo. Nikiinama kufua macho yanazimika sekunde mbili tatu, halafu yanarudi. Nikajua ni damu imepungua, nikawa nakunywa juisi ya rozela.

Aliyeshtuka ni daktari wa macho. Alichungulia nyuma ya jicho akakuta neva imevimba. Nikatolewa maji ya mgongoni, presha ya maji hayo ikasoma sentimita 31 za maji. Kwa mtu mzima, ikizidi 25 ni kubwa. Wakanishangaa, maana presha hii isipokuwa na chanzo kinachoonekana huwapata zaidi wanawake wa umri wa kuzaa walionenepa, na mimi nilikuwa na kilo 48, sketi nazifunga kwa pini. Hapo ndipo mmoja wao alipouliza kuhusu ubavu. CT skani ya mishipa ikaonyesha vena ya figo imebanwa kati ya aota, yaani mshipa mkuu utokao moyoni, na ateri iendayo kwenye utumbo.

Vinahusianaje? Fuvu halitanuki. Ndani mna ubongo, damu na maji, yaleyale yanayoshuka mgongoni, na kimoja kikiongezeka kingine lazima kipungue, la sivyo presha inapanda. Daktari Monro aliliona hilo 1783, mwenzake Kellie akaliongezea 1824. Maji yenyewe ni kama mililita 150 tu, ila mwili unatengeneza karibu nusu lita kila siku, kwa hiyo ni lazima yawe yanatoka, na mengi yanaishia kwenye vena. Watu wa Jangwani watanielewa haraka: mvua ikikutana na bahari iliyojaa pale daraja la Selander, mto Msimbazi haumwagi, unarudi majumbani.

Damu ya figo ikikuta njia imebanwa hutafuta vichochoro. Kimoja hupita vena za kiunoni na kuingia kwenye mtandao wa vena unaozunguka uti wa mgongo. Mtandao huo daktari Batson aliueleza 1940, na hauna vali, yaani damu inaweza kwenda juu au chini kutegemea msukumo. Ukijaa, unaukandamiza mfuko wa maji unaozunguka uti wa mgongo, na msukumo unafika hadi kichwani. Shingoni ni hivyohivyo: daktari Queckenstedt alionyesha 1916 kwamba ukibana vena za shingo, presha ya maji mgongoni inapanda papo hapo. Wapo ambao vena hiyo inabanwa na mfupa chini ya sikio.

Hapo kwenye figo, mkuu, nisikudanganye. Njia ya damu ipo na inajulikana, lakini kwamba ndiyo inayoleta presha kichwani, ushahidi wake ni wa wagonjwa wachache wachache. Akitokea mtu kukuhakikishia ni lazima, au haiwezekani kabisa, mimi wote wawili siwaamini.

Sasa maji hayo kuvuja. Siku mbili baada ya kutolewa maji, kichwa kiligeuka. Nikilala kimetulia kabisa, nikisimama dakika kumi shingo inavuta na kichwa kinagonga. Tundu la sindano lilikuwa halijaziba. Kahawa na kulala havikusaidia, siku ya saba nikawekewa kiraka cha damu: wanachota damu ya mkononi mwako, wanaichoma mgongoni nje ya ule mfuko, inaganda na kuziba. Jioni ile nilipika wali nimesimama. Wiki haikuisha, maumivu ya alfajiri yakarudi na fuu zake.

Hapo ndipo nikaelewa kitu ambacho hakuna aliyenieleza. Presha kubwa yaweza kutoboa mahali palipo dhaifu, maji yakavuja, na uvujaji ukaificha presha yenyewe. Ukiziba, inajitokeza. Wengine huvujia puani, maji meupe yenye chumvi upande mmoja, watu wanasema mafua. Wengine maji yanaingia moja kwa moja kwenye vena, aina iliyoelezwa 2014 tu, na MRI ya kawaida yaweza isiione.

Kwenye tiba nilikwama kati ya madaktari wawili. Wa kichwa ana karatasi yake ya ushauri: punguza uzito. Wa figo anasema ongeza, kwa sababu mafuta yaliyokuwa yanaitenganisha ile mishipa yameisha. Niliwaomba wapigiane simu. Wakakubaliana niongeze, na nimeze asetazolamidi, dawa ya kupunguza utengenezaji wa maji ya kichwani, ambayo vidole vilikuwa vinanichonyota na soda haina ladha tena. Sasa nina kilo 56, mkojo msafi, neva ya jicho imerudi chini, kichwa kinauma labda mara mbili kwa mwezi. Ni uzito au ni dawa? Vilienda pamoja, siwezi kuvitenganisha. Kuwekewa kibomba cha kuipanua ndani ya vena ya figo nilikataa. Kimewahi kuhama kwa watu kikafika moyoni.

Kwa mdogo wako, macho yapimwe wiki hii, hata kama anaona vizuri, maana neva ikikaa imevimba upofu waweza kuja taratibu. Na kabla hajakubali kutolewa maji mgongoni, aandike wiki nzima: kinauma saa ngapi, amelala au amesimama, baada ya dakika ngapi. Mimi sikuandika, na nilipoulizwa nilijibu "kinauma tu".

Hukusema uzito wake. Amekonda siku za karibuni?