Usiiguse hiyo mishale

Acha kwanza! Umesema una modeli ya CFA, yaani mchoro wa kupima kama alama za mtihani zinagawanyika kwa stadi kama ulivyodhani, na wanafunzi 180 wa Kiswahili kutoka sekondari tatu za Masaka; CFI, kipimo cha jinsi modeli inavyolingana na data, imegoma kwenye 0.88, na programu inakushauri uunganishe kwa mishale makosa ya upimaji, ile sehemu ya alama ambayo stadi haiielezi, mpaka CFI ipande, halafu uripoti modeli ya mwisho peke yake. Ndivyo nilivyofanya mimi, na bado nalipia.

Nilikuwa na alama 12: nne za kusikiliza, nne za kusoma, nne za sarufi. Fundi mmoja wa takwimu pale Wandegeya, Kampala, aliyenila laki nne na soda juu yake, alinifundisha "kuipiga pasi" modeli: bofya pendekezo la mshale, tazama CFI, bofya tena. Ikafika 0.96. Tukala roleksi, chapati ya mayai, kusherehekea, nikalipa mimi. Nikaandika kwa madaha kwamba stadi tatu zimethibitika.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini wa nje hata CFI hakuiuliza. Alichukua kalamu, akaandika pembeni mwa jedwali langu: 12 × 13 ÷ 2 = 78, yaani vipande vya taarifa vilivyomo katika alama zangu 12. Akatoa vigezo 27, namba ambazo modeli niliyokuwa nimeichora inazikadiria, zikabaki 51: hizo ndizo digrii za uhuru. Jedwali langu lilisema 44, maana kila mshale tuliouongeza ulikula digrii moja, na mishale hiyo sikuitaja popote.

"Hizi saba zimekwenda wapi?"

Nikajibu labda ni kosa la uchapaji. La uchapaji! Hadi leo nikikumbuka nafunika uso. Miezi minane ya kuandika upya, na ada ya mwaka mwingine.

Nilipompigia yule fundi akaniambia, "Kila mtu anafanya hivyo." Mbona ada nililipa peke yangu? Na hiyo CFI ya 0.95 aliyokuwa akiiimba kama aya, watafiti Hu na Bentler mwaka 1999 walisema "karibu na" 0.95. Walitoa mwongozo, yeye akaufanya sheria.

Andika kila modeli uliyoijaribu, ile mbovu ya kwanza ikiwemo, pamoja na kai-skwea, kipimo cha jinsi modeli inavyoachana na data, na digrii zake. Kila mshale unaouongeza uutaje na sababu yake, na sababu itoke kwenye mtihani wenyewe: maswali mawili ya kifungu kimoja cha habari, hapo sawa. "Programu imependekeza" si sababu, programu haijausoma mtihani wako. Mishale yangu saba ilikuwa imeshika bahati nasibu ya watoto wale wale. Nilipoipeleka kwa wanafunzi wa shule nyingine, mitano iliyeyuka.

Uliuliza pia programu ipi na majedwali mangapi, sijui nini tena. Programu yoyote. Weka hapa idadi ya alama zako na digrii za uhuru, tuzihesabu kabla hajazihesabu mwingine.