Kifusi hakitashika huo ukingo

Kaka, umesema unataka kumwaga kifusi na matairi pale ukingo wa mto ulipomeguka; huko ni kuulisha mto tu. Masika yakirudi vinabebwa vyote. Mto hula chini kwanza, udongo wa juu unabaki unaning'inia, halafu unaporomoka. Kwa hiyo anzia chini, kiangazi maji yakiwa yamepungua: chimba chini ya usawa wa mchanga, panga mawe makubwa au gabioni (vizimba vya waya vilivyojazwa mawe), na nyuma yake weka kitambaa cha kuchuja. Wengi hukiruka, kumbe bila hicho maji yanafyonza udongo kupitia katikati ya mawe. Juu yake chonga mteremko, angalau mita mbili za mlalo kwa kila mita moja ya kimo, kisha panda nyasi za vetiva kwa mistari inayokatiza mteremko, mche na mche sentimita 10 hadi 15. Mizizi yake hushuka hata mita 3.

Ukuta wa zege uliosimama wima? Mara nyingi unamhamishia jirani wa ng'ambo tatizo. Tena kwa Tanzania, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto, kwa hiyo pitia kwanza ofisi ya bonde la maji, inayosimamia mto huo, kabla hujanunua hata lori moja la mawe.