Mlima Kenya kwa begi la kilo kumi

Watu wengi wanaopanda Mlima Kenya mara ya kwanza na begi lao wenyewe mgongoni hupakia hofu. Wanaogopa njaa, basi inaingia mikebe ya maharagwe na mkate mzima wa boflo. Wanaogopa kunuka, zinaingia tisheti tano. Zamu ya usiku inapofika begi limeshajaa, hivyo linasokomezwa shuka la Kimaasai juu juu na safari inaanza. Mimi napakia kinyume. Vitu vya usiku ndivyo vinavyoingia kwanza, na sivipunguzi hata kidogo. Vya mchana ndivyo nakata bila huruma.

Nazungumzia safari fupi ya usiku tatu hivi, kiangazi cha Januari na Februari, kwa njia ya Sirimon. Unapita Nanyuki, unaingia langoni kwenye mita 2,650 hivi, unalala kambi ya Old Moses (mita 3,300), kisha kambi ya Shipton's (mita 4,200). Kabla ya mapambazuko unapanda kilele cha Point Lenana, mita 4,985, halafu unarudi ulikotoka. Anayeajiri wapagazi atasema haya hayamhusu, ingawa mgongo wa mpagazi nao ni mgongo.

Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka nyuzi sita hivi. Ndiyo maana mchana unaweza kutembea na tisheti huku jua likikuchoma shingo, na usiku pale Shipton's maji yakaganda kwenye chupa. Kwa hivyo mfuko wa kulalia uwe wa baridi kweli. Unaponunua, soma kibandiko: mara nyingi kina viwango viwili vya baridi, na kile cha chini zaidi ni cha mtu kustahimili tu, si cha kulala usingizi. Kama bei ya dukani inakutoa jasho, zunguka masoko ya Gikomba au Toi, Nairobi, mapema wiki ile. Mitumba ya huko ina mifuko ya kulalia, jaketi nzito na suruali za kukwea ambazo mwenyewe wa kwanza alizivaa mara mbili tu. Fungua zipu yote, ifunge tena, nusa ndani, ndipo muanze kuongea bei.

Hema je? Kwa njia hii liache nyumbani. Old Moses na Shipton's kuna mabweni yenye vitanda na magodoro, unalipia kitanda chako mapema, na umeshapunguza kilo mbili au tatu. Ukiamua kuvuka mlima na kuteremkia Chogoria, hesabu inabadilika: upande ule utahitaji hema na godoro jembamba la sponji, lakini mnaweza kugawana, mmoja abebe turubai la hema na mwingine fito. Hata hivyo sheria za hifadhi haziruhusu ulale mlimani peke yako, kwa hivyo mtu wa kugawana naye utakuwa naye.

Nguo ni seti mbili. Moja ya kutembea, itakayolowa jasho na pengine mvua, maana kiangazi cha mlimani hakina adabu. Nyingine ni ya kulalia, na hiyo haiguswi mpaka umefika kitandani, hata kama ile ya kwanza inanuka namna gani. Pamba iache mjini. Ikilowa haikauki na inakunyonya joto. Juu ya seti hizo weka jaketi nzito, koti la mvua, kofia ya sufu, glavu na soksi nene. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017, nguo za usiku zitie kwenye mfuko wa kitambaa kisichopenya maji. Chupa za maji za kutupa nazo haziruhusiwi hifadhini tangu Juni 2020, basi beba chupa ya kudumu.

Maji yenyewe ndiyo mzigo ambao watu hawauhesabu. Lita moja ni kilo moja, na nimeona watu wakiondoka langoni na lita tano kana kwamba wanavuka jangwa la Chalbi. Njia hii ina vijito. Beba lita moja na nusu, jaza njiani, tia kidonge cha klorini, subiri nusu saa.

Chakula kinahitaji akili zaidi ya nguvu. Pale Shipton's maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi, si 100, na ndiyo sababu maharagwe yatakula gesi yako yote na bado yatagonga meno. Githeri usiifikirie. Mimi hubeba chapati za siku mbili za kwanza (zinakaa vizuri kwenye baridi), unga wa wimbi wa uji uliokwisha changanywa na sukari na maziwa ya unga, tambi za dakika tatu, njugu karanga na tende. Gramu 700 kwa siku zinatosha. Kila kitu kitoe kwenye boksi lake nyumbani, pima kwa mlo, funga. Kimtungi kimoja kidogo cha gesi na sufuria moja vinatosha watu wawili. Nacho kinunue Nairobi, usitegemee kukipata njiani.

Ukijumlisha begi lenyewe, lita moja na nusu ya maji na chakula chote, unafika kilo kumi hivi. Pima kabla ya kuondoka. Muuza nafaka wa mtaani hatakukatalia mizani yake. Kinachozidi mara nyingi ni choo kizima cha nyumbani: shampuu, losheni, taulo nene. Mswaki, sabuni kipande na mafuta ya kujikinga na jua, basi. Simu na betri ya akiba lala nazo ndani ya mfuko, baridi hunyonya chaji.

Usiku wa kupanda Lenana unaondoka saa tisa hivi. Hapo chukua tochi ya kichwani, maji, tende mfukoni na nguo zote ulizo nazo mwilini. Begi libaki bwenini, zipu zote zimefungwa na chakula kimetundikwa juu, kwa sababu pimbi wa Shipton's hawaogopi mtu na panya wa pale hawalali.