Yapatie Maji Njia Kabla ya Kuinua Tuta

Shamba letu liko kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya mji wa Arusha, kando ya korongo ambalo hukaa kavu sehemu kubwa ya mwaka, lakini masika yakifika hushusha tope, mawe, magogo na migomba iliyong'oka hadi kwenye nyumba za majirani walioko chini. Lambo la kwanza tulilojenga ili kupunguza kasi ya maji hayo na kunasa takataka zake lilidumu msimu mmoja tu.

Wengi walidhani tuta lilikuwa fupi, lakini nilikuwepo jioni ile na nilichokiona ni kingine. Shina la mgomba lililala kwenye mdomo wa utoro, yaani njia ya pembeni ya kupitishia maji ya ziada. Matawi yakajibana nyuma yake, na muda si mrefu maji yakaanza kumwagika juu ya tuta lenyewe. Tuta la udongo halihimili jambo hilo, kwa sababu maji yanayopita juu yake huchimba upande wa chini, na ufa wa upana wa kiganja hugeuka mlango.

Kwa hiyo nakusihi uanze na utoro. Uchimbe mpana kuliko unavyodhani unahitajika, kwenye ardhi asilia wala si kwenye udongo wa kujazia, na juu zaidi korongoni usimike safu ya nguzo imara za kuzuia magogo. Kibali kiombwe mapema kwa Bodi ya Maji Bonde la Pangani.

Udongo wetu wa majivu ya volkano hupitisha maji, hivyo kwa tuta la pili tulitafuta udongo wa mfinyanzi ambao ukiloweshwa na kuviringishwa mkononi hutoa kamba nyembamba isiyokatika. Tuliushindilia kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kuanzia ndani ya mtaro wa msingi. Juu yake tumepanda nyasi peke yake, kwa kuwa mizizi ya miti ikioza huacha mirija ya kupitisha maji.

Tope huondolewa kila kiangazi, kwani lambo lililojaa tope halina nafasi ya kupokea mafuriko. Mvua ikinyesha, kagua chini ya tuta: maji machache yanayochuruzika yakiwa maangavu, endelea kuyafuatilia, yakitoka na udongo, waondoe kwanza watu walioko bondeni, ndipo mlishughulikie tuta.