Anza na pembe, mkoba baadaye

Ndugu, umeuliza uanze na kipi kati ya mkoba wa ngozi na pembe ya baruti (pembe ya ng'ombe ya kubebea unga wa bunduki), kwa mtindo wa wawindaji wa Pennsylvania, Marekani, wa miaka ya 1770. Anza na pembe. Ichemshe nje, maana inanuka vibaya, mpaka kiini cha mfupa kichomoke. Kabla ya kutoboa ncha, baruti itakapomiminikia, ingiza waya ndani upime uwazi unaishia wapi, kisha laza waya huohuo kwa nje na uweke alama. Ukikisia, tundu litatokea ubavuni na pembe imeharibika. Mdomo mpana ulainishe kwa maji yanayochemka, ugongomee kizibo cha mbao ungali moto.

Mkoba ni rahisi: ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, uzi wa kitani uliopakwa nta. Usiwe mkubwa, ubebe risasi, vitambaa vya kuzifungia na mawe ya gumegume, yaani ya kutoa cheche kwenye bunduki, tu.